Shajara ya mradi: Kuandaa shahada ya ufundi ya upimaji wa ubora wa dawa

Januari, wiki ya pili

Kamati ya mtaala imekaa kwa mara ya kwanza. Yupo mkemia, yupo mfamasia, yupo mteknolojia wa maabara, yupo mtaalamu wa mitaala, na mimi ndiye mratibu. Tumepewa kazi ya kuandaa mtaala wa shahada ya ufundi ya upimaji wa ubora wa dawa, ngazi ya 7 na 8 za tuzo za taifa za ufundi (NTA), tutakaoupeleka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Anayeingia awe na stashahada ya maabara au ya famasia. Anayetoka awe mtu ambaye kiwanda au maabara ya serikali inaweza kumkabidhi sampuli, kitabu cha mbinu na kalamu, kisha ikayaamini matokeo yake.

Nimeandika ubaoni "matokeo ya kuaminika" na kuomba pasifutwe. Kila tutakapobishana tutarudi hapo.

Hoja ya kuwa na programu hii haikutuchukua muda. Maabara ya mamlaka ya dawa ya Tanzania ilipitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwishoni mwa 2018 nchi yetu ikawa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imefika ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti wa dawa. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia, maabara yao ya taifa ya Nairobi ilipitishwa 2008. Kwa hiyo msingi upo. Tunachokosa ni njia iliyonyooka ya kumwandaa anayesimama mbele ya mashine. Shahada ya famasia ni miaka minne na sehemu kubwa inamwelekeza mfamasia kwa mgonjwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa. Mkemia wa chuo kikuu anaijua kemia, lakini wengi wao huifungua famakopea, kitabu rasmi cha viwango na mbinu za kupima dawa, kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wameajiriwa.

Januari, mwisho wa mwezi

Tumetembelea maabara za viwanda vya dawa, Dar es Salaam na Kibaha. Sitaandika majina yao hapa kwa kuwa walituzungumzia kwa uwazi mkubwa.

Tulikwenda na orodha ndefu ya ujuzi tukiwaomba waipange kwa umuhimu. HPLC, mashine inayotenganisha na kupima viambato vya dawa kwenye kimiminika, tulidhani itakaa juu. Meneja mmoja wa udhibiti wa ubora, mama aliyefanya kazi hii tangu enzi za kupima kila kitu kwa bureti, aliisoma orodha yote akaiweka chini.

"Mwalimu, HPLC nitamfundisha kijana mimi mwenyewe, na ataijua. Nileteeni mtu anayeandika namba aliyoiona. Kijana akipata 93 ananifuata: mama, nifanyeje iwe 95 ili ifaulu? Hilo ndilo linaloninyima usingizi."

Tulipotoka nje mtu wetu wa mitaala akauliza: hilo tunaliandikaje kama umahiri unaopimika? Hakuna aliyemjibu. Nimeliweka kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi.

Februari

Mwezi wa kusoma walivyofanya wengine. India ndiyo iliyotufaa zaidi, kwanza kwa sababu dawa nyingi tunazotumia zinatoka huko, pili kwa sababu walikwisha kuunda kitu cha aina hii. Mwaka 2014 tume yao ya vyuo vikuu ilianzisha shahada ya ufundi wanayoiita B.Voc. Mwanafunzi akimaliza mwaka mmoja anaweza kuondoka na stashahada, miwili akaondoka na stashahada ya juu, mitatu akapata shahada. Mgawanyo wao ni asilimia 60 ya stadi za kazi na 40 ya masomo ya jumla.

Mfumo wetu wa NTA nao una milango ya kutokea, kwa hiyo hilo halikuwa geni. Mgawanyo wa 60 kwa 40 ndio ulioleta ubishi. Mkemia wetu anaogopa kuzalisha watu wa kubonyeza vitufe. Ana hoja: mchambuzi asiyejua kwa nini pH ya bafa, kimiminika kinachotunza pH, inabadilisha muda wa kutoka kwa dawa kwenye kolamu, bomba la mashine linalotenganisha viambato, atakwama siku mashine ikileta mchoro wa ajabu. Tumekubaliana nadharia isipunguzwe, ila isifundishwe peke yake. Kila mada ya kemia itaanzia kwenye kipimo halisi. Mwanafunzi akutane na asidi na besi akiwa na tembe mkononi.

Machi

Moduli za mwaka wa kwanza zimekamilika kwa rasimu. Nimefurahi kwamba muhula mzima wa mwanzo hauna mashine kubwa. Una mizani, pipeti, chupa za ujazo, karatasi ya kuchuja na famakopea.

Mizani peke yake tumeipa wiki nne. Kuna waliosema ni nyingi. Lakini kila asilimia inayotoka maabara imeanzia kwenye uzani, na mtu akipima miligramu 15 kwa mizani isiyofaa uzito huo, hakuna HPLC ya bei yoyote itakayomwokoa. Watajifunza kukagua usawa wa mizani kila asubuhi, kuiweka mbali na upepo wa kiyoyozi, kusubiri chombo kipoe, na kufahamu uzito wa chini kabisa ambao mizani husika inaweza kuutolea ushahidi.

Baada ya hapo zinakuja kazi ambazo wengi huzidharau kwa urahisi wake. Usawa wa uzito: tembe 20 zinapimwa mojamoja, na kwa tembe za miligramu 250 na kuendelea, zisizidi mbili zinazopotoka kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka wastani, na isiwepo hata moja inayopotoka kwa zaidi ya asilimia 10. Kumeguka: pipa lenye tembe ndani linazungushwa mara 100 kwa dakika nne, na upotevu usizidi asilimia 1. Kusambaratika: tembe sita kwenye maji ya nyuzi 37, na kwa tembe isiyopakwa ganda, dakika 15 zinatosha.

Kisha kipimo cha kuyeyuka, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa sababu kinakaribia tumbo la mgonjwa. Kwa paracetamol, famakopea ya Marekani inataka mililita 900 za bafa ya pH 5.8, kasia zizunguke mara 50 kwa dakika, na ndani ya dakika 30 iwe imeyeyuka asilimia 80 ya dawa iliyoandikwa kwenye lebo. Hapa ndipo mwanafunzi anakutana na ngazi tatu za uamuzi. Tembe sita za kwanza kila moja ifikie kiwango pamoja na asilimia 5 juu yake. Ikishindikana zinaongezwa sita. Ikishindikana tena, kumi na mbili. Kila ngazi ina sharti lake lililoandikwa kabla ya kipimo kuanza. Nimeomba somo hili lipewe nafasi ya kutosha, maana linamzoesha kijana kwamba kurudia kuna kanuni zake.

Aprili

Bajeti. Mwezi mgumu.

HPLC moja inagharimu makumi ya maelfu ya dola kabla hujanunua kolamu, na asetonitrili ni gharama isiyokwisha. Mfamasia wetu alitukumbusha uhaba wa dunia nzima wa 2008 na 2009: kiyeyusho hicho hupatikana kama zao la pembeni la viwanda vya akrilonitrili, viwanda vikapunguza uzalishaji, maabara duniani zikabaki zinahangaika. Tumeamua mazoezi mengi ya kujifunzia yaandaliwe kwa methanoli, ambayo ni nafuu, na asetonitrili itunzwe kwa vipimo ambavyo mbinu yake imeitaja.

Mashine ya GC, inayotenganisha viambato vikiwa mvuke, inahitaji gesi ya kubebea. Heliamu ni ghali na hufika kwa kuchelewa. Bonde la Rukwa lilitangazwa mwaka 2016 kuwa na heliamu nyingi chini ya ardhi, na natamani siku moja tuinunue kutoka huko. Kwa sasa tunaomba kifaa cha kuzalisha hidrojeni pamoja na vitambuzi vya usalama.

Kuna vitu ambavyo orodha za wauzaji hazivisemi na mteknolojia wetu anavijua kwa kuwa amefanya kazi Dar es Salaam. Kipimo cha Karl Fischer, kinachopima maji yaliyomo kwenye dawa, kinasumbuliwa na unyevu wa hewa yetu: ukifungua chupa ya kitendanishi kizembe mwezi wa Aprili, unapima mvua ya masika badala ya dawa. Chumba hicho kitakuwa kidogo, chenye kukausha hewa. Umeme ukikatika HPLC ikiwa katikati ya mfululizo wa sindano za sampuli, bafa inabaki imesimama kwenye pampu na chumvi inaganda, kwa hiyo betri za akiba zimepanda juu ya orodha, zimeipita hata HPLC ya pili. Chemba ya uthabiti, kabati la kuwekea dawa ili kuona zinavyodumu, tunaitaka ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali zinazotumika kwa nchi za joto na unyevu mwingi. Mwanafunzi aone kwa macho yake tembe inavyogeuka rangi ikikaa humo miezi sita.

Mei

Hili nitaliandika kwa kirefu, kwa sababu limebadilisha mradi.

Tulitaka kujaribu zoezi moja la mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wetu wa stashahada waliopo. Tukachagua upimaji wa kiasi cha paracetamol kwa mbinu ya famakopea ya Uingereza: unasaga tembe, unachukua unga wenye gramu 0.15 za dawa, unauyeyusha kwenye sodiamu haidroksaidi, unachuja, unapunguza nguvu kwa hatua mbili, halafu unasoma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na suluhu, kwa nanomita 257. Tembe ikiwa na asilimia 100 kamili ya kilichoandikwa, usomaji unakuwa karibu na 0.536. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 95 hadi 105.

Lakini unga tuliowapa tulikuwa tumeuchanganya na wanga tukaushusha hadi asilimia 91. Tuliupima wenyewe, tukaupima tena siku nyingine kwa mtu tofauti, tukaridhika. Wanafunzi waliambiwa tu kwamba ni sampuli ya paracetamol, wapime na watoe uamuzi.

Makundi mengi yaliripoti kati ya 96 na 99. Sampuli imefaulu.

Spektrofotomita ile hutunza usomaji. Tulipoufungua, namba zilikuwa 0.48 na kitu, 0.49. Kwenye madaftari zilikuwa 0.52. Mikono yao ilifanya kazi nzuri, hilo lazima niliseme kwa haki. Walipima vizuri, wakachuja vizuri, mashine ikawapa ukweli, kisha wakaubadilisha walipofika kwenye karatasi. Kwenye daftari moja hata karatasi ya kuandikia ya pembeni ilikuwepo, imechanwa nusu.

Kundi moja liliandika 90.8, likaandika kwamba sampuli haikufikia kiwango. Binti aliyewaongoza alimfuata mkufunzi kabla ya kukabidhi.

"Mwalimu, tumerudia, inakataa kupanda. Tuandike hivihivi?"

"Andikeni hivihivi."

Tulikaa nao wote kesho yake, bila kuadhibu mtu, tukawaambia unga ulikuwaje. Kisha tukawauliza kwa nini. Kijana mmoja alijibu bila kusitasita: sekondari, kwenye mtihani wa vitendo, alama zinatolewa kwa ujazo wa bureti unaokaribia ule wa mwalimu. Kwa hiyo unajifunza kutafuta jibu la mwalimu. Unapika data, na unayejua kupika vizuri unafaulu. Wenzake wakatikisa vichwa.

Hawa si vijana waongo. Wamefundishwa kwa miaka mingi, kwa alama, kwamba kipimo ni njia ya kufikia namba inayojulikana tayari. Kwenye kazi ya dawa namba haijulikani, ndiyo maana mtu analipwa kupima. Tukiwaletea moduli ya "maadili" yenye mihadhara kumi na mtihani wa kuchagua jibu, watapika na huo. Tunachopaswa kubadilisha ni namna tunavyotoa alama.

Juni

Tumeuandika upya mfumo wote wa tathmini ya vitendo. Jibu la mwisho sasa linabeba sehemu ndogo ya alama. Sehemu kubwa inakwenda kwenye kumbukumbu: nani alifanya, lini, kwa mizani ipi na kolamu ipi, namba ghafi ziko wapi, je, zinasomeka, ziliandikwa papo hapo au zilihamishwa baadaye, na je, mtu mwingine akilichukua daftari anaweza kulifuata hadi kwenye jibu lilelile. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo chini kiendelee kuonekana, kisha sababu, sahihi na tarehe. Karatasi za pembeni haziingii maabara. Chapisho la mashine linabandikwa na kusainiwa.

Na kila muhula sampuli kadhaa zitakuwa mbovu kwa makusudi. Hakuna atakayejua zipi, pamoja na mkufunzi anayesimamia. Anayegundua na kuripoti anapata alama zake kamili. Anayeripoti kufaulu huku mashine inasema vingine anarudia moduli.

Mkemia alihoji: na anayepata 91 kwa sababu alimwaga kidogo wakati wa kuhamisha? Swali zuri, na ndilo lililozaa moduli nzima ya matokeo yaliyo nje ya kiwango, ambayo maabarani kila mtu anayaita OOS. Hapo tunafundisha uchunguzi. Usimwage kitu chochote. Suluhu zibaki mezani. Mwite msimamizi. Kagua hesabu, kagua upunguzaji, kagua kama mashine ilifaulu majaribio yake kabla ya sindano ya kwanza, soma tena suluhu ileile. Ukipata kosa la maabara lenye ushahidi, matokeo yanabatilishwa na sababu inaandikwa. Usipolipata, namba inasimama, na uchunguzi unahamia kwenye uzalishaji.

Kesi ya kusomea tumeichagua ile ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni ya Barr, iliyoamuliwa na mahakama ya New Jersey mwaka 1993. Moja ya mambo makubwa ndani yake lilikuwa hili hili: kundi la dawa likishindwa, je, unaweza kulipima tena na tena mpaka lifaulu, au kuchanganya namba iliyofeli na zilizofaulu ili wastani upite? Mahakama ilikataa. Wanafunzi wataisoma, kisha watapewa seti ya data na kuambiwa waandike uamuzi wao na kuutetea mbele ya wenzao. Nimeshauri utetezi uwe kwa Kiswahili. Ripoti itabaki Kiingereza kama ilivyo viwandani, lakini mtu anayemkatalia meneja wa uzalishaji saa tatu usiku, gari likisubiri mzigo, atamkatalia kwa Kiswahili. Ajizoeze.

Julai

Moduli ya dawa za maji za watoto. Hii nimeisimamia mwenyewe.

Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, zilizotengenezwa India, zikiwa na daiethilini glikoli na ethilini glikoli. Watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka huohuo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200 kwa sumu za aina hiyo. Marekani ilikuwa imeliona janga hili mwaka 1937, zaidi ya watu 100 wakafa, na sheria yao ya dawa ya 1938 ikazaliwa humo. Miaka themanini na mitano katikati, na sumu ni ileile.

Nataka mwanafunzi aelewe jinsi inavyoingia. Gliserini na propilini glikoli hutumika kuifanya dawa ya maji iwe tamu na laini. Daiethilini glikoli inafanana nazo: haina rangi, ni nzito, ni tamu, na ni ya bei ndogo. Panama mwaka 2006 mapipa yalitoka China yakapitia kwa wafanyabiashara wa Hispania hadi kwa mtengenezaji, yakiwa na cheti kinachosema usafi wa asilimia 99.5. Cheti kilipita mkono kwa mkono. Kwenye safari yote ile, kipimo kimoja tu kingelizuia.

Kipimo chenyewe hakihitaji miujiza. Kikomo cha kila moja ya sumu hizo kwenye gliserini ni asilimia 0.10. Unaanza na TLC, njia rahisi ya kutenganisha viambato kwa bamba la silika na tanki la kioo, kuchuja sampuli zinazotia shaka, kisha unathibitisha kwa GC. Njia ya TLC naitilia mkazo kwa sababu inaweza kufanyika Kigoma, Mtwara au Sumbawanga. Tanzania ina uzoefu wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa Minilab za Wajerumani, maabara za kubebeka zinazowekwa mipakani na mikoani kuchuja dawa bandia kabla ya kupeleka zenye shaka maabara kuu.

Zoezi la mwisho la moduli: mapipa kadhaa ya gliserini, vyeti vyote safi, pipa moja limechafuliwa. Sampuli ichukuliwe kutoka kila pipa. Atakayechukua kutoka pipa moja na kuandika kwamba anawakilisha yote atasimamishwa palepale aeleze.

Agosti

Mkutano wa wadau. Viwanda vimekubali kupokea wanafunzi wa fildi kwa muhula mzima, baada ya mashaka marefu kuhusu siri za uzalishaji. Tumeafikiana mwanafunzi asaini ahadi ya usiri, na daftari lake la fildi libaki kiwandani. Msimamizi wa kiwanda atalikagua kwa fomu yetu ileile ya kumbukumbu.

Suala la chombo kitakachowasajili wahitimu halijakwisha. Si wafamasia, na kuwaita wakemia tu hakutoshi. Tumeliandikia barua na tutalifuatilia, kwa sababu mchambuzi asiye na mahali pa kusajiliwa hana pa kukimbilia akishinikizwa kubadilisha matokeo.

Yule mama meneja alikuja. Aliomba nakala ya fomu ya tathmini, akaisoma hadi ukurasa wa mwisho, akauliza kama anaweza kuanza kuitumia kwa waajiriwa wake wapya hata kabla programu haijapitishwa. Tumempa.

Septemba

Rasimu imewasilishwa. Maoni ya awali ya wakaguzi yamerudi na mengi ni ya mpangilio. Moja tu ni zito: wanaona saa za vitendo zimezidi, wanashauri baadhi zihamie kwenye kemia hai ya nadharia. Tumejibu kwa kuambatisha matokeo ya zoezi la Mei, madaftari upande mmoja na kumbukumbu za mashine upande wa pili, bila majina ya wanafunzi. Saa tumeomba zibaki.

Kazi zinazoendelea wakati tunasubiri: mwongozo wa mkufunzi wa moduli ya OOS, utaratibu wa kuandaa sampuli mbovu na kuzifungia mahali ambapo mkufunzi msimamizi hafiki, na zabuni ya betri za akiba. Binti wa lile kundi la 90.8 amekubali kuwa msaidizi wa maabara kwenye majaribio ya Novemba, na ndiye atakayeandaa unga.